Kozi ya kompyuta Mwanjelwa: nimelipia mara mbili, ya binti yangu na yangu mwenyewe

Nyota tatu na nusu. Zingekua nne kama kuna mtu angeniambia mapema kuhusu ile elfu 15 ya cheti, ila nitafika huko, kwanza niwaelezee vizuri maana watu wanaandikaga "pako poa sana karibuni" alafu ukienda unakuta aliyeandika ni shemeji yake mwenye kituo.

Mi nauza mchele sokoni Mwanjelwa hapa Mbeya, jumla na rejareja, wa Kyela na wa Mbarali. Kompyuta nilikua naijua kwa kuiona dirishani benki. Binti yangu alimaliza form four Novemba, na mnakijua kile kipindi jamani, matokeo mpaka Januari, form five mpaka Julai, hapo katikati mtoto yupo tu nyumbani analala na simu anaamka na simu, ukimtuma dukani anarudi na chumvi wakati ulisema sukari. Kila jirani anakwambia mpeleke kompyuta. Mpeleke kompyuta, mpeleke kompyuta, kama vile ni zahanati. Hamna anayekwambia huko wanafundishwa nini.

Nikampeleka. Kituo kipo ghorofa ya pili juu ya duka la mabegi, ukitokea Kabwe unatembea dakika kama tano, jina silitaji maana nina ya kusifia na nina ya kulalamika na sitaki kesi na mtu. Elfu 40 kwa mwezi, miezi mitatu ni laki na ishirini, fomu elfu 5. Kwenye bango waliloning'iniza ngazini wameandika KOZI 12 NDANI YA MIEZI 3, KOMPYUTA MOJA MWANAFUNZI MMOJA.

Hizo kozi 12 tuziongelee kidogo. Word ni kozi. Excel ni kozi. PowerPoint kozi. Intaneti kozi na imeili nayo kozi nyingine, yani wamezigawa kama mtu anavyokata muwa auze vipande. "Utangulizi wa Kompyuta", ambayo ni kuwasha na kuzima na kujua hii ni skrini ile ni kibodi, nayo ni kozi. Kuna Publisher, ile ya kupangia vipeperushi, ambayo Microsoft wenyewe wametangaza wanaiacha Oktoba 2026, sasa mtoto anafundishwa kitu ambacho mwenyewe keshakichimbia kaburi. Access, ya kutunzia kumbukumbu, ipo kwenye orodha ila binti yangu hajaiona kwa macho mpaka anamaliza. Ukizichuja vizuri unabaki na kozi nne za maana, na kusema kweli hizo nne zimefundishwa vizuri, wangeandika tu nne ningelipa hela ileile bila kinyongo.

Na hiyo kompyuta moja mwanafunzi mmoja ni uongo wa mchana. Nilipanda siku ya pili kumpelekea sweta, nikahesabu. Meza 16, zinazowaka 11, watoto 20. Baadhi bado zina Windows 7, ambayo iliachwa kuhudumiwa tangu Januari 2020, ni sawa na nyumba iliyotolewa komeo, mwizi akipita anasukuma tu. Kwa hiyo wanakaa wawili wawili. Na nilichokiona pale ndicho kilichonifanya nikae chini nizungumze na mwalimu, maana kila meza yenye mvulana na msichana, mausi kashika mvulana. Kila meza. Binti yangu kakaa pembeni mikono mapajani anaangalia kama anaangalia tamthilia. Nimelipa laki na ishirini mtoto akaangalie mwenzake anajifunza?

Mwalimu wao wanamwita Madamu, ni binti tu, sidhani kama kafika miaka 28, mwembamba, ana sauti ndogo lakini darasa linamsikia. Nilivyomwambia hakujitetea. Akasema mama umeona kitu cha kweli, mashine siwezi kuongeza, si zangu, ila nitafanya kitu. Kesho yake akaweka utaratibu, simu yake inalia kila dakika kumi, ikilia mnabadilishana kiti. Na sheria ni kwamba aliyeshika mausi haruhusiwi kuamua, anafanya anachoambiwa na mwenzake, na yule asiye na mausi haruhusiwi kugusa, anaelekeza kwa mdomo. Mnaweza mkaona ni kitu kidogo. Binti yangu ananiambia mama, ukielekeza kwa mdomo ndo unajua kama umeelewa, maana huwezi kusema "bonyeza kale kadude", mwenzio anakuuliza kadude kapi, inabidi ujue jina. Wiki mbili mbele hata wale wavulana wababe walikua wanaulizana vizuri.

Huyo Madamu ndo sababu ya nyota tatu kati ya hizo tatu na nusu, sifichi.

Kutaipu alikua anawafundisha na khanga. Nilidhani binti anatania. Anakwambia weka vidole vya shahada juu ya F na J, pale kuna vimstari vidogo vimeinuka, gusa kwenye kibodi yoyote utavisikia, hata hapo ulipo. Kisha anafunika mikono yako na kibodi kwa khanga, taipu. Huoni kitu, ukipotea unavitafuta vile vimstari kwa kidole unarudi nyumbani. Wiki ya kwanza watoto walikua wanalia na kucheka, anataka kuandika "Mbeya" inatoka "Nbrts". Khanga yenyewe yake, ya maua ya njano. Mwezi wa pili binti yangu anataipu huku anaongea na mimi bila kuangalia chini, mi nikawa natazama vidole vyake tu nasahau ninachotaka kusema.

Sasa somo la fleshi. Kila mwanafunzi aje na fleshi iliyowahi kuingia steshenari yoyote ya mjini. Binti alibeba ya kaka yake ina picha za msiba wa bibi yao, tulizokua tumeshasema zimepotea. Ukiifungua unakuta mafaili yana kishale kidogo pembeni, yote ukubwa KB 1, ukibonyeza hakifunguki kitu. Madamu akawaambia angalieni hicho kishale, picha haziwezi zote kuwa na KB 1, hicho ni kirusi, mafaili yenu hayajafutwa, yamefichwa. Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia kompyuta amri akaandika attrib -h -r -s /s /d pamoja na herufi ya fleshi na nyota zake, akapiga enta, picha za bibi zote zikatokea. Zote, mpaka ile kashika kitukuu. Mtoto alirudi nyumbani anatetemeka na ile fleshi mkononi kama kabeba yai. Kwa hiyo mnielewe nikimtetea huyu mwalimu, mi nina sababu yangu.

Steshenari zenyewe hizo tuziongelee maana hapa ndo pana jambo. Sisi wazazi wengi hatujui kwamba ule umri wa mtoto kujaza fomu zake onlaini umefika na sisi bado tunampeleka steshenari tunalipa elfu 5 kijana wa pale amjazie. Mtoto wa dada yangu alijaziwa hivyo maombi ya mkopo wa chuo. Yule kijana akaweka imeili yake yeye, namba ya simu yake yeye, pasiwedi kaitunga yeye. Mwaka uliofuata mtoto anataka kuingia tena, pasiwedi haijulikani, ukiomba mpya inaenda kwenye imeili ya kijana, kijana kafunga steshenari kahamia Tunduma, simu haipatikani. Tulihangaika na hilo jambo mwezi mzima. Sasa Madamu kozi ya imeili kaigeuza kuwa hiyo tu, kila mtoto afungue imeili yake kwa jina lake la kwenye cheti, si "prettygirl255", namba ya simu ya kurudishia iwe ya mzazi, pasiwedi iwe sentensi ndefu unayoikumbuka wewe, uiandike kwenye daftari lililo nyumbani wala si kwenye gamba la simu. Wenyewe BAKITA sijui wanaita nywila, Madamu anasema iite unavyotaka ila usimpe mtu.

Mwezi wa tatu matokeo yalikua yametoka na Selform, ule mfumo wa onlaini wa TAMISEMI, ikafunguliwa watu wabadilishe tahasusi, yani masomo ya form five. Binti yangu alikua kajaza HGL (historia, jiografia, kiingereza) akiwa shuleni kwa kufuata rafiki, akaingia mwenyewe kwa simu yangu, tumekaa jikoni, akabadilisha akaweka EGM (uchumi, jiografia, hesabu), akasoma mara mbili kabla ya kutuma, akapiga skrinishoti akajitumia kwenye imeili yake. Dakika ishirini, bando la mia tano. Nilikua nachambua mchele pembeni najifanya siangalii.

Somo lingine ambalo hata mimi nimenufaika kabla sijajiandikisha ni la matapeli. Kila mtoto aliambiwa aje na meseji moja ya kitapeli kutoka kwenye simu ya mtu wa nyumbani. Siku hiyo anasema darasa lilikua sherehe. Kila mtu ana ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Kuna ya mwenye nyumba, "kodi yangu nitumie humu simu ile imeharibika". Kuna mganga wa Sumbawanga, karibia nusu ya darasa wanaye mganga wa Sumbawanga, na kulikua na kijana ambaye kwao ni Sumbawanga kabisa akawa anapigwa majina siku nzima. Kuna ya "mwanao ameanguka shuleni tuma hela ya matibabu haraka". Madamu akaziandika ubaoni akawauliza zinafanana nini. Watoto wenyewe wakatoa: zote zina haraka, zote zinakuzuia usipige simu kuuliza, zote hazitaji jina lako. Akawafundisha unaituma hiyo meseji kwenda 15040 ya TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, na namba iliyotuma. Ukipiga *106# unaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Binti kaja kanipigia hiyo *106# usiku, nikakuta laini moja siijui, sijawahi kuishika maishani, nilienda kuifuta kesho yake na kule foleni ilinikalisha mpaka saa nane. WhatsApp pia kaniwekea ile PIN ya tarakimu sita ya hatua ya pili, kaniambia mtu yeyote akikuomba namba iliyokuja kwa meseji hata akiwa mchungaji usimpe. Hata mchungaji. Haya.

Kuhusu akili mnemba, niliogopa kwamba wanafundishwa uvivu. Kuna kijana wa darasani kwao aliandika barua ya kuomba kazi kwa ChatGPT akaiprinti bila kuisoma, mwisho wa barua pameandikwa "weka jina lako hapa", akaipeleka hivyohivyo ofisi ya watu. Madamu hakumchapa wala hakuwakataza, aliwapa zoezi, muulizeni hicho chombo kitu ambacho nyinyi mnakijua kuliko yeye alafu mmsahihishe kwa kalamu nyekundu. Binti yangu akauliza mtu anatokaje Mwanjelwa kwenda Kasumulu. Ikajibu vizuri, kwa heshima, sentensi zimenyooka, ikampitisha Tunduma. Tunduma! Mtu anaenda mpaka wa Malawi unampeleka mpaka wa Zambia, wakati unatoka hapa Uyole unashuka zako Tukuyu, Kyela, umefika. Mwenzake akauliza mapishi ya ndizi za kinyakyusa ikamwambia akaange na nazi. Bibi yake alivyosomewa alisema huyo anayejibu ni mtu wa pwani. Tangu hapo kila binti akitumia hicho kitu nasikia anasema "ngoja nione isije kuwa Tunduma".

Sasa Excel. Hapa mnivumilie maana ndipo ilipoanza safari yangu mimi.

Zoezi la mwisho la Excel Madamu alikataa wasifanye ile mifano ya kitabuni ya John ana maapulo. Alisema leteni hesabu ya kitu halisi kutoka nyumbani. Binti akaomba daftari langu la mchele. Nikampa nikijua ni mambo ya watoto. Jioni karudi ananiuliza maswali kama mtu wa TRA. Mama gunia unanunua bei gani? Nikamwambia kilo 2,200, gunia la kilo 100 ni 220,000. Unauza? Kilo 2,500. Kwa hiyo faida? Nikamwambia elfu 30 kwa gunia, hiyo si naijua kwa kichwa miaka yote. Akaniuliza usafiri je, nikasema elfu 5. Kushusha na ushuru? 1,500. Akanyamaza, akauliza mama, na ile nyongeza unayowamwagia wateja juu ya mzani? Nikamwambia hiyo ni heri tu, mteja lazima aone mkono umefunguka. Akasema basi tupime. Gunia zima tukaliuza tunaandika, mwisho likatoa kilo 97. Kilo tatu zimeenda kwenye heri.

Akanionyesha kwenye simu, Google Sheets hiyo, haina haja ya kompyuta. 97 mara 2,500 ni 242,500. Toa 220,000, toa 5,000, toa 1,500. Inabaki 16,000. Si elfu 30. Elfu kumi na sita! Na kwa magunia kumi nilikua najua nina laki 3 kumbe nina laki moja na sitini, na hapo hatujagusa wanaokopa. Alikua kaweka safu ya madeni yenye rangi nyekundu ikizidi siku 30, fomula kaiandika mwenyewe, yani jina la mtu linageuka jekundu lenyewe bila mimi kugombana naye. Sikulala vizuri usiku ule. Nilikaa najumlisha kwa vidole gizani, nikapata kumi na sita kila mara.

Heri sijaiacha, mteja wa mchele ukimpimia kama dhahabu anahama meza. Ila nimepandisha mia kwenye rejareja na nampa heri nikijua nampa nini.

Ndo nikajiandikisha mwenyewe, Juni, darasa la jioni saa kumi na moja mpaka moja, watu wazima, hapo bei ni elfu 50. Tulikua sita: mama wa saluni, dereva bajaji, mzee mmoja mwalimu mstaafu aliyetaka tu aweze kujihakiki kwa simu mambo ya pensheni ya PSSSF asiwe anawasumbua wajukuu, wengine wawili, na mimi. Siku ya kwanza naingia mzee ananisalimia kinyakyusa "ugonile mama", nikaitikia "ndaga tata", roho ikatulia kidogo maana nilikua najiona mjinga na begi langu la mtoto. Madamu ananiita mama mchele. Kubofya mara mbili kulinishinda siku tatu, mausi inakimbia katikati ya bofyo la kwanza na la pili. Ikifika mwisho wa meza nilikua sijui kama unaweza kuinyanyua ukairudisha, naisukuma mpaka ukutani nakaa naiangalia. Dereva bajaji ndo alinionyesha. "Mama nyanyua, ni kama unapaki."

Na baridi sasa. Juni hii ya Mbeya, chumba dirisha moja halifungi, kibodi ya baridi kama chuma cha bomba asubuhi. Mama wa saluni alikua anataipu na soksi za mikono zilizokatwa ncha. Uongozi umeambiwa kuhusu hilo dirisha tangu masika, jibu ni "tunalifanyia kazi".

Umeme. Hawana jenereta, wana yuupiesi tatu, zile betri za kushikilia kompyuta umeme ukikatika, moja ni ya kompyuta ya mkurugenzi. Januari mvua zilivyokua zinapiga binti kapoteza kazi ya saa zima mara mbili. Madamu anasema kwa utani kwamba hakuna mwalimu wa Ctrl na S kuliko kukatika umeme, na kweli sasa hivi mtoto anasevu kila sentensi, mkono unaenda wenyewe. Lakini kituo kinachokusanya laki na ishirini kwa kichwa kinashindwa nini kununua yuupiesi nne?

Cheti sasa. Siku ya kuchukua unaambiwa elfu 15. Haikuandikwa kwenye fomu, haipo kwenye bango, risiti ya mwanzo haiitaji. Mkurugenzi, baba mmoja wa suti anayechanganya kiingereza hata akiagiza chai, akaniambia mama hiyo ni standadi kila sehemu. Nikamwambia mi nikikuuzia mchele alafu mwisho nikakuchaji mfuko utaniitaje? Akacheka, nikalipa, sikucheka. Na kwenye cheti pameandikwa "Diploma". Miezi mitatu, diploma! Wakati stashahada ya kweli, yani diploma yenyewe, ni ngazi ya NTA level 6, watu wanasota miaka chuoni. Mtoto akipeleka hiyo karatasi sehemu wanaojua watamcheka. Kama kwako cheti ndo shida yako, kabla hujatoa hata mia ulizia usajili wa NACTVET, wale wa baraza la elimu ya ufundi, na uone namba kwa macho yako, na VETA ipo hapa Mbeya kaulize kozi zao pia. Binti yangu kakiweka cheti kwenye bahasha, hakijawahi kutoka.

Kozi ya grafiki wanayoitangaza sana, elfu 80, sikuisoma ila nilichungulia. Mwalimu anafungua video ya YouTube ya Mhindi, wote wanaangalia, wanafuatisha. Hiyo nyumbani kwako na bando lako unaweza.

Jumamosi asubuhi kuna darasa la wadogo wa shule ya msingi, Scratch, ile ya kupanga vitofali vya rangi paka atembee, ya wale wa MIT Marekani. Ni ya bure, inafanya kazi hata bila intaneti ukishaiweka, na lugha unaweza kuchagua Kiswahili. Elfu 3 kwa siku. Mdogo wangu wa mwisho kampeleka wa kwake wa darasa la tano, sasa hivi paka anasema "shikamoo" na mbwa anajibu "marahaba". Kwa elfu 3 sioni cha kulalamika, ila wahi saa mbili na nusu, wakifika zaidi ya kumi na mmoja mnajua wenyewe hesabu ya kompyuta.

Walimu wa sekondari mnaosoma hapa, nilimuuliza Madamu mbona shuleni hawakufundishwa haya na shule yao ina chumba cha kompyuta kabisa. Akaniambia mama vyumba vingi vina kufuli na ufunguo kabaki nao mtu mmoja anayeogopa zitaharibika. Binti akaitikia, kwao waliingia mara mbili kwa miaka minne, mara moja ilikua siku ya ugeni, wakaambiwa wakae wanyooshe migongo wasiguse.

Kwa hiyo ukiuliza nimpeleke au nisimpeleke, mpeleke, ila lipia mwezi mwezi usilipe mitatu kwa mpigo, dai risiti na waandike hapohapo kwamba cheti kimo ndani, chagua zamu ya saa mbili asubuhi watoto wanakua wachache. Na kabla ya yote uliza kama Madamu bado yupo. Mama wa saluni ananiambia kaomba ajira za ualimu kwenye portal ya Ajira na anasubiri kupangiwa, anaweza kuitwa wakati wowote. Akiondoka huyo mi nyota zangu narudia kuzihesabu.

Ukienda kipindi hiki chukua koti, na usikae meza ya dirishani.